Tunabomoa jiko la mama mkwe ili nipate langu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, ninaishi Ipagala hapa Dodoma. Jina langu usilitoe tafadhali, maana mawifi zangu wanasoma safu hii.

Tulihamia huku kutoka Dar es Salaam mwaka 2019, ofisi ya mume wangu ilipohamishiwa makao makuu. Yeye kwao ni Mpwapwa, mimi kwetu Muheza. Tulinunua nyumba ya vyumba vitatu ya zamani. Kuta zake nzima, lakini jiko ni kichumba cha kona chenye dirisha moja dogo. Mkiwa wawili humo ndani, lazima mmoja atoke ndipo mwingine afungue friji. Miaka yote hii nimepikia humo kwa gesi ya mtungi mdogo, na vitu vya kuchemka muda mrefu navipikia kwa mkaa kibarazani.

Baba mkwe alipofariki tulimchukua mama mkwe aje kuishi nasi. Niseme wazi kwamba ni mama mzuri, hajawahi kunivunjia heshima. Alipofika alikuta nyuma ya nyumba kuna banda la tofali na bati kuukuu, wenye nyumba wa kwanza walikuwa wakifugia kuku. Alilifagia, akapanga mafiga, akaweka kinu chake na vyungu viwili alivyokuja navyo. Tangu hapo ndiko anakoshinda. Ugali wa uwele, mlenda, maharage, hata maji ya kuoga ya asubuhi, vyote vinatoka kwake. Watoto wakirudi shule hawapiti sebuleni, wanazunguka nyuma kwa bibi yao. Huyu wangu wa mwisho ana miaka minane. Kazi za shule anafanyia huko, amekalia ndoo iliyopinduliwa, daftari liko magotini, bibi anapekecha mlenda huku anamuuliza leo mwalimu kafundisha nini.

Mwaka huu nimepata fedha za kikoba. Milioni 5 ni akiba yangu, milioni 3 ni mkopo wa kikundi ambao lazima niurudishe ndani ya mwaka. Tukakubaliana na mume wangu tukarabati nyumba, tuanze na jiko. Akamleta fundi mwenye picha nzuri kwenye simu, wakachora. Ukuta kati ya jiko na sebule unaondoka. Jiko linasogezwa nyuma mita tatu, mpaka pale lilipo banda. Katikati kaunta yenye viti virefu, makabati mpaka darini, jiko la gesi limezamishwa kwenye granaiti. Shangazi, nilipouona ule mchoro nilitoka machozi. Sijawahi kuwa na jiko langu tangu nimeolewa.

Mume wangu akamweleza mama yake usiku mezani, wote tukiwepo. Mama akasema, "Sawa mwanangu, nyumba ni yenu." Kesho yake akaanza kuingiza vyungu vyake ndani, kimoja kimoja, akavipanga chini ya kitanda chake. Kinu kimebaki nje kwa sababu hawezi kukibeba. Hajanuna, mazungumzo yake ni yale yale, ila hapiki tena. Nilipomuuliza kama anaumwa akanijibu, "Nimepumzika. Si ndivyo mnavyotaka?"

Mume wangu anasema ni mambo ya wazee, atazoea. Anasema mama amepika maisha yake yote, sasa apumzike, tena moshi ule utamuua. Kwenye moshi hajakosea, mama anakohoa sana usiku, hasa Juni na Julai kwenye baridi. Lakini wifi mkubwa ameshanipigia simu. Kasema mwanamke wa pwani amekuja kumfukuza mama jikoni kwa mwanawe.

Ninaumia kwa ajili ya mama, na papo hapo nina hasira. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi nimepikia wapi miaka yote hii. Fedha ni jasho langu. Nataka mahali nikikuna nazi kiwiko kisigonge ukuta. Na nikisema ukweli wote, sitaki moshi wa kuni uingie kwenye sebule mpya.

Fundi ameshapewa malipo ya awali, ameshachora alama ukutani, anataka kuanza kabla ya mvua za Desemba. Je, niendelee na mchoro nimwombe mama azoee, au nisimamishe kila kitu, banda libaki na mimi nibaki na kichumba changu?

Mama Watatu, Ipagala

Marahaba mwanangu.

Nianze na wewe, kwa sababu kwenye barua yako umejitaja mwisho, tena kwa kuomba radhi. Mwanamke aliyepikia familia yake kwenye kichumba cha kona tangu 2019, akaweka akiba yake kidogo kidogo kwenye kikoba, akitaka mahali pa kugeuka na sufuria mkononi haombi anasa. Hasira yako naielewa, na sidhani kama ni kwa mama mkwe. Nikisoma vizuri, ni hasira ya mtu ambaye shida yake haikuonekana mpaka mwingine alipoanza kuumia, ndipo watu wakapiga simu. Hilo mwambie mumeo kama ulivyoniambia mimi, kwa maneno yale yale.

Kwa hiyo una mambo mawili yaliyobanana: haja yako ya jiko, ambayo ni ya kweli, na mama aliyehamishia vyungu vyake chini ya kitanda. Umeniuliza uchague lipi. Kabla ya hapo, kuna mambo umeyachukua kuwa yamekwisha, na mimi nadhani bado.

La kwanza ni kwamba mama alikubali. Alisema nyumba ni yenu, na hayo ni maneno ya mtu anayeambiwa, si ya mtu anayeulizwa. Kumbuka alikotoka. Katika kaya ya Kigogo ya zamani kila mwanamke aliyeolewa alikuwa na sehemu yake kwenye tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, na jiko lake ndani yake. Yeye amezika mume, ameacha nyumba yake Mpwapwa, akafika kwako mikono mitupu na vyungu viwili. Hakudai chumba kikubwa. Alichukua banda la kuku akalifanya mahali ambapo wajukuu wanamkuta. Inawezekana ndicho anachokililia. Inawezekana pia nimekosea, na kilichomuuma ni kuelezwa mezani mbele ya watoto, jambo limeshachorwa na fundi ameshalipwa. Hayo ni maumivu mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Anayejua ni yeye.

La pili ni hili la kupumzika. Mumeo anampenda mama yake, na kuhusu moshi yuko sahihi kabisa. Moshi wa kuni kwenye banda la bati hudhuru mapafu ya anayepika, na huyo mtoto wa miaka minane kwenye ndoo anauvuta huo huo. Serikali yenyewe imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na sababu mojawapo kubwa ni afya. Lakini mwanangu, kama kikohozi cha mama ni cha kweli, na umesema ni cha kweli, basi mpelekeni hospitali wiki hii, kabla ya tofali la kwanza kuguswa. Kisipotibiwa na kikatajwa tu pale banda linapotakiwa kubomolewa, mama atakisikia kama kisingizio. Tena kumwondolea mtu moshi si lazima kumwondolee kazi. Wazee wengi tumewapumzisha hivi hivi kwa nia njema, tukashangaa wanazeeka ghafla.

Sasa mchoro wenyewe. Niruhusu niseme mengi hapa, kwa sababu naona una kasoro ambazo zitakuumiza wewe hata kama mama mkwe asingekuwepo.

Picha zile za kwenye simu zimetoka kwa watu wasiosonga ugali. Kaunta ya kawaida hujengwa kimo cha sentimita 85 hadi 90. Ukizamisha jiko la gesi juu yake, ukaweka sufuria ya ugali wa watu sita, mdomo wa sufuria unafika kwenye mita 1.1. Hapo utasonga ukiwa umenyanyua mabega, bila kupata nguvu ya kugandamiza mwiko, na sufuria itatembea juu ya jiko. Mama anayesonga chini amekaa kigodani, ameishika sufuria imara, anatumia uzito wa mwili wake. Wanaopima majiko husema kaunta iwe chini ya kiwiko cha mtumiaji kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa kazi ya kusonga unaweza kushuka mpaka sentimita 65 au 70. Mwombe fundi akutengenezee kipande kimoja cha chini, chenye plate moja imara ya gesi. Kipande hicho hicho ndicho mtu aliyekaa anaweza kukitumia kuchambua mboga, na ndipo utakapobana mbuzi yako ya nazi.

Kuhusu kuondoa ukuta: kwanza fundi athibitishe kama ukuta huo haubebi mbao za paa, na kwa mabadiliko ya namna hii nendeni ofisi za Halmashauri ya Jiji mkaulizie kibali mapema. Halafu ufikirie harufu. Siku ya dagaa au samaki wa kukaanga, mvuke wa mafuta hautauliza mpaka wa jiko uko wapi, utalala kwenye makochi na mapazia. Umesema hutaki moshi sebuleni, lakini mchoro unaoupenda ndio unaofungua njia. Wako wanaoishi na jiko la wazi kwa furaha, wanapenda kupika huku wanaongea na wageni. Wako pia ambao wanataka wafunge mlango wakiwa na masufuria machafu na wageni wa ghafla. Wewe ni yupi? Hukuniambia, na nahisi hujaulizwa.

Kaunta ya katikati inahitaji njia ya mita moja hivi kila upande, na karibu mita 1.2 kama watu wawili wanapishana. Vipime sakafuni kabla ya kukubali. Gesi nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka chini na kutulia, kwa hiyo mtungi ukae nje kwenye kivuli, na jikoni pawe na matundu ya hewa karibu na sakafu, siyo juu tu.

Na maji! Barua nzima, hukutaja maji. Hapa kwetu mgao ukipita, sinki la kifahari linageuka kuwa pambo. Kabla ya granaiti fikiria tenki na mahali pa kulisimamisha, maana lita 2,000 ni tani mbili. Mvua yetu ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, nayo yote huanguka ndani ya miezi michache kuanzia Desemba. Hata hivyo paa la mita za mraba 120 linaweza kukusanya zaidi ya lita 50,000 kwa msimu ukiweka gata nzuri. Huwezi kuyahifadhi yote, lakini hata sehemu yake inaosha vyombo siku nyingi. Mimi fedha ya makabati ya kufika darini ningeitazama mara mbili, hasa kama ni ya mbao zile za kubandikwa ambazo zikinywa maji zinavimba.

Turudi kwenye swali lako. Umeliweka kama lina milango miwili tu.

Ukiendelea na mchoro kama ulivyo, utapata jiko zuri kabla ya mvua, na inawezekana mama akazoea kweli. Wapo waliozoea. Hatari yake ni kwamba atakaa chumbani, watoto watarudi kutoka shule wasijue pa kumkuta, na wewe kila ukiwasha jiko lako utakumbuka vile vyungu. Ukisimamisha kila kitu, hatari ni kwako: hasira hiyo itakua, na siku moja itamtokea mama mwenyewe, ambaye hakuomba ujinyime. Tena moshi utabaki.

Kuna familia nyingi hapa mjini ambazo zina jiko la ndani na jiko la nje, na hawaoni aibu. La nje linaweza kusogezwa kona nyingine ya uwanja, likajengwa wazi pande mbili, na jiko banifu la kuni lenye bomba la kutolea moshi juu ya bati. Kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wetu unatoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo likiwa upande wa magharibi wa nyumba moshi hauingii sebuleni. Funga kipande cha kanga kwenye mti uangalie kwa siku kadhaa kabla ya kuchimba. Gharama itaongezeka kidogo, na itabidi kitu kipungue ndani, labda viti virefu, labda makabati ya juu. Hatari ya njia hii usiipuuze: moshi utapungua lakini hautakwisha, na "la nje" linaweza kugeuka mahali pa kumweka mama mbali na wageni. Yeye atalitambua hilo haraka kuliko wewe.

Au mama anaweza kutaka kuingia ndani, kwenye hicho kipande cha chini, apikie gesi mkiwa pamoja. Hapo suala linakuwa wanawake wawili kwenye jiko moja, jiko ambalo umelisubiri tangu uolewe. Usikubali kwa kuona haya. Kama unajua moyoni kwamba unataka saa zako peke yako humo, ni heri mpangiane mapema nani anapika lini kuliko kugombania mwiko baadaye.

Au mnaweza kujenga kwa awamu, mwaka huu jiko la ndani bila kufika kwenye banda, mengine baadaye. Hilo lingekupunguzia pia ule mkopo wa milioni 3, ambao unanitia wasiwasi kidogo. Ukarabati wa nyumba ya zamani una tabia ya kufichua mambo ukutani, na deni la kikundi halisubiri. Lakini awamu nyingi huishia ya kwanza, unajua mwenyewe.

Wifi yako mwache kwanza. Simu hiyo aipokee kaka yake, maana uamuzi ni wenu wawili na yeye ndiye aliyeusema mezani.

Mazungumzo yaanze na mumeo, mkiwa peke yenu. Mwambie mchoro haujafa, ila unataka kuupima upya na kuna mtu mliyemsahau. Kisha yeye mwenyewe aende kwa mama yake, kule nyuma, na wewe uwepo. Simu yenye picha aiache ndani. Chukueni chokaa mchore mstari chini kwenye uwanja, kwa ukubwa wake halisi: hapa kaunta, hapa sinki, hapa mlango wa nyuma. Mama atembee humo. Mpeni kigoda akae pale anapopaona pake. Muulizeni angependa kupika nini na nani awe karibu naye, kinu akiweke wapi, na kama angependa kabisa asipike. Akisema hataki kupika tena, mwaminini, msimbembeleze. Akinyamaza, msijaze ninyi jibu. Rudini siku nyingine. Na wewe usikae pembeni kama mgeni. Ingia kwenye hiyo chokaa, simama unapotaka kusimama ukikuna nazi, useme mbele yao wote kwamba hapa ndipo pangu.

Fundi mpigie leo umwombe siku chache. Ukuta na banda asiviguse. Kama ana haraka na mvua, aanze na jukwaa la tenki, mabomba na gata, kazi ambayo mtaihitaji kwa mchoro wowote mtakaokubaliana.